Gachoki Anapima Nini Mpakani

Waliokuwepo katika kikao cha Jumamosi alasiri, nyumbani kwa Muriuki, upande wa juu wa Kibugu, ni hawa: Mzee Mutegi, mwenyekiti, baba mdogo wa ndugu wawili wanaogombana; Muriuki, kaka mkubwa, mlalamikaji; Igoki, mke wa Muriuki, shahidi aliyeona kwa macho yake; Gachoki, mdogo wake Muriuki, mlalamikiwa; Wamuyu, mke wa Gachoki, ambaye siku hiyo hakuwa upande wa mtu yeyote; Tabby, binti wa Gachoki na Wamuyu, mwandishi wa kumbukumbu kwa kuwa ndiye pekee aliyekuja na kalamu; Kithaka, mzee wa kijiji; na Burale, mfanyabiashara wa Meru mjini, aliyefika kupakia maparachichi akajikuta ameitwa ndani kama mshukiwa. Hakuna aliyetuma udhuru.

Kwa ajili ya Burale, asiyekijua Kiembu, Mzee Mutegi aliamuru kikao kiendeshwe kwa Kiswahili. Amri hiyo ilimwumiza Igoki kuliko wote. Kwa majuma mawili alikuwa ameyanoa mashtaka yake kwa Kiembu, na sasa ilimbidi ayatoe katika lugha aliyozoea kununulia vitu dukani.

"Ajenda ni moja," Mzee Mutegi alisema. "Hii maneno ya mpaka. Gachoki anapima shamba. Tunataka kujua anapimia nani. Tukimaliza, tunakunywa chai."

Gachoki alikuwa ameketi karibu na mlango, juu ya kigoda ambacho Igoki hutumia anapomenya viazi. Miaka yote alipoingia katika nyumba ile alikaribishwa kwenye kochi, chini ya picha ya harusi. Leo kochi lilikuwa limejaa: Mzee Mutegi mwanzoni, Kithaka mwishoni, na katikati kofia ya Kithaka.

Alijua vizuri sentensi ambayo ingemaliza kikao. Ilikuwa fupi, wala haikuwa na aibu kwa mtu mwenye akili. Lakini siku ya Jumanne wakulima wangekusanyika kwenye kituo cha kupimia majani ya chai kumchagua mwenyekiti wa kamati. Kiti hicho Gachoki alikuwa amekishika miaka sita, na mpinzani wake mmoja tu ndiye huyo Kithaka, aliyesema amekuja kama shahidi asiye na upande. Kukiri mbele ya Kithaka kwamba unajitibu hofu ya moyoni kulikuwa sawa na kumkabidhi kiti pamoja na ufunguo wa mizani. Kwa hiyo Gachoki aliifungia sentensi yake kinywani, akaweka mikono magotini, akangoja kushtakiwa.

Mambo yalianza mwezi wa Februari, mbele ya meza ya kuchambulia majani. Gachoki alikuwa akikagua mfuko wa mkulima mmoja wakati moyo ulipoanza kukimbia wenyewe, bila sababu, kama ng'ombe aliyekata kamba. Vidole vilikufa ganzi. Alijua anakufa, akasikitika kwamba anafia juu ya majani ya mtu mwingine. Walimpeleka hospitali ya Embu. Huko walimpima moyo, presha na sukari, vyote vikaonekana vizima, na mwishowe msichana mmoja aliyevaa koti jeupe akamketisha akamwuliza kuhusu usingizi.

"Nalala saa tatu," Gachoki alimwambia. "Saa saba naamka, nafikiria."

"Unafikiria nini?"

"Kila kitu. Kwa zamu."

Msichana yule hakucheka. Alimweleza kuwa hofu ya namna hiyo ni ugonjwa wenye jina, kwamba inatibika, na kwamba sehemu kubwa ya tiba ataifanya mwenyewe nyumbani. Akamwandikia kwenye karatasi: kila siku atembee dakika ishirini bila haraka, avute pumzi kwa hatua nne na kuitoa kwa hatua sita, na hofu ikimjia ghafla, atafute vitu vitano vya kutazama, vinne vya kugusa, vitatu vya kusikiliza, viwili vya kunusa na kimoja cha kuonja.

Gachoki ni mtu wa utaratibu. Alichagua saa kumi na nusu, majani yakishapimwa, akaanza kutembea barabarani. Huko alikutana na tatizo ambalo karatasi haikulitaja. Kibugu hakuna mtu anayetembea bure. Mwanamume aliye barabarani bila jembe, bila gunia na bila mkebe wa maziwa ni lazima aseme anakwenda wapi. Siku ya kwanza aliulizwa na watu kumi na mmoja. Aliwajibu kuwa anakwenda dukani kununua chumvi, na kwa kuwa hapendi uongo, akaenda akainunua. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Juma lilipoisha, Wamuyu alifungua kabati akakuta pakiti saba.

"Baba Tabby, hii chumvi ni ya nini?"

"Iko bei nzuri."

Wamuyu alifunga kabati taratibu. "Na ile nyumba ingine unapeleka nini? Sukari?"

Ndipo Gachoki alipohamia mpakani. Kati ya shamba lake na la kaka yake kuna kijia chembamba kando ya waya, kimefunikwa na miti mirefu ya mukima, na mtu akiwa humo haonekani kutoka barabarani. Alidhani amepata mahali ambapo hakuna wa kumwuliza. Hilo lilikuwa kweli. Hakuna aliyemwuliza. Walimtazama tu.

*

"Kila siku saa kumi na nusu," Igoki alianza, amesimama katikati ya chumba. "Hata mvua ikinyesha, anakuja. Mimi niko kwa chai yangu, nachuma. Namwona. Anatembea hivi."

Akatembea. Aliinua miguu kama mtu anayevuka mto, midomo ikichezacheza.

"Moja, mbili, tatu, nne, kifua inafura kama ya jogoo. Halafu anahesabu tena mpaka sita, anatoa hewa. Fuuu. Nikasema, hiyo ni vipimo."

"Vipimo gani hivyo vyenye hewa?" Burale aliuliza.

"Mgeni, ngoja zamu yako," alisema Mzee Mutegi.

"Akifika kwa mukima ya kona, anasimama. Anaangalia mti, anaangalia jiwe ya mpaka, anaangalia mpaka boma yetu. Halafu anashika. Mti ameshika, jiwe ameshika, waya ameshika, mchanga ameshika. Na hiyo Jumatano akachuma pera yetu."

"Lilikuwa limeanguka?" Kithaka aliuliza kwa upole wa mtu asiye na upande.

"Lilikuwa kwa mti. Akalila polepole, macho amefunga. Sasa niambieni. Mtu anakula pera ya mwenyewe na macho amefunga, si huyo ameshajiona mwenye shamba?"

Tabby aliinua kalamu. "Niandike pera moja ama mapera?"

"Moja," alisema Gachoki.

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza katika kikao, na lilipokwisha kutoka ndipo alipotambua kwamba limemtia hatiani.

Muriuki alisimama. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kanisani, na alikuwa amevaa koti lake la mazishi ili jambo lieleweke uzito wake. "Mimi sikukaa tu nikitazama," alisema. "Nilipoambiwa na mke wangu, Mama Mutugi, nikaanza kutembea upande wangu. Siku kumi sasa. Yeye akianza, naanza. Akihesabu, nahesabu. Akisimama kwa kona, nasimama. Hawezi kunipita hata hatua moja."

Hili lilikuwa kweli tupu. Kwa siku kumi ndugu wawili walikuwa wamepita kando ya waya mmoja, kila mtu upande wake, bila salamu, mmoja akihesabu kimoyomoyo na mwingine kwa sauti, wakifika konani wanageuka pamoja kama askari wa gwaride. Watu wa ng'ambo ya bonde waliowaona walidhani ni mambo ya kanisa.

"Mimi nimepata hatua mia mbili na kumi na mbili," Muriuki aliendelea. "Kutoka kwa jiwe la chini mpaka kwa kona. Nimerudia mara kumi. Sasa yeye amepata ngapi? Aseme hapa, tulinganishe."

Wote walimgeukia Gachoki.

"Sita," alisema Gachoki.

"Sita?"

"Sijawahi kupita sita."

Muriuki alimtazama Mzee Mutegi kwa masikitiko makubwa. "Mnaona vile anaficha?"

Kisha ikafika zamu ya Burale. Alikuwa ameketi wima ukingoni mwa kiti, na kila baada ya muda alichungulia dirishani kuangalia lori lake, ambalo lilikuwa limepakiwa nusu na kuachwa juani.

"Alhamisi," Mzee Mutegi alimwambia, "wewe ulionekana na Gachoki pale mpakani. Yeye akanyoosha mkono. Alikuwa anakuonyesha nini?"

"Mahali pa kugeuzia lori."

"Tu?"

"Na alinionya kuna shimo. Niliingia shimoni hata hivyo, lakini alinionya." Burale alishusha pumzi. "Mzee wangu, mimi nanunua maparachichi. Nikinunua shamba, nitalipakia na nini?"

Mzee Mutegi alicheka mpaka mabega yakatikisika, kisha akakumbuka kuwa ni mwenyekiti. "Hiyo imesikika," alisema. "Gachoki, sasa jibu. Ulikuwa unafanya nini huko?"

Gachoki alikuwa ameandaa jibu tangu asubuhi. "Fuko," alisema. "Nilikuwa natafuta mashimo ya fuko. Wameharibu chai."

Ndipo Wamuyu alipozungumza kwa mara ya kwanza, akiwa ameangalia sakafu.

"Fuko wako kwa viazi vitamu, Baba Tabby. Kwa chai hatujawahi kuona fuko." Akainua macho. "Na ile chumvi? Ilikuwa ya fuko?"

Igoki alifungua kinywa acheke, lakini alipomwona Wamuyu alikifunga. Wamuyu hakuwa anatania.

"Kama kuna mtu unamuuzia," Wamuyu alisema, "niambie hapa, nikiwa na mashahidi. Hiyo chai nimepalilia nikiwa na Tabby mgongoni. Usingoje nisikie kwa watu wa ofisi ya ardhi. Niambie tu, nijue nimeolewa na nani."

Kalamu ya Tabby ilisimama. Gachoki alimtazama mkewe, akaona mifuko chini ya macho yake, na akatambua kwamba wiki zote hizo, wakati yeye akijitibu usingizi, alikuwa amemnyang'anya wa kwake.

"Siuzi," alisema.

"Basi unafanya nini?"

Gachoki alirudisha mikono magotini.

Muriuki alipiga goti lake. "Nimesikia vya kutosha. Jumatatu naleta saveya apime shamba. Bikoni za mpaka zitachimbuliwa, waya itaongezwa nyuzi nne. Na ule mfereji wa maji unaopita kwangu kwenda kwake, naufunga. Tangu baba afe hatujawahi kugawana maji. Sasa tutagawana."

*

Saa ya ukutani, iliyokuwa juu ya kichwa cha Muriuki, ilionyesha saa kumi na nusu kamili. Kwa mara ya kwanza tangu Februari, Gachoki alikuwa ndani ya nyumba saa hiyo, juu ya kigoda, na mlango ulikuwa umefungwa.

Alisikia moyo ukianza. Kwanza ulibisha mara moja kifuani, kisha ukaondoka mbio. Vidole vikaanza kufa ganzi. Chumba kikawa kidogo, sauti ya Muriuki ikawa mbali, ikizungumzia mfereji. Gachoki alijua anakufa. Alijua vilevile kwamba juma lililopita, na juma lililotangulia, alijua hivyo hivyo na hakufa. Karatasi ilisema nini? Vitano vya kutazama.

Alitazama saa. Akatazama picha ya harusi. Akatazama kofia ya Kithaka, birika la chai, pazia la kijani. Vitano. Vinne vya kugusa. Akakigusa kigoda chini yake. Akanyoosha mkono akagusa ukuta, akaupapasa kutoka chini kwenda juu. Akagusa meza ndogo pamoja na kitambaa chake cha kufuma. Kilibaki kitu kimoja, na kilichokuwa karibu ni mkono wa shati la Burale. Akaushika.

"Haya, mmeona wenyewe," alisema Igoki. "Sasa anapima nyumba."

Burale aliutazama mkono uliomshika. "Na mimi napimwa?"

Gachoki alikuwa akisikiliza. Mtiririko wa maji nje. Kuku. Lori la mtu likipanda mlima. Vitatu. Akavuta hewa kwa pua kutafuta harufu mbili, akainama kidogo kuelekea birika, na Mzee Mutegi akalisogeza birika nyuma kwa tahadhari, Gachoki asije akalipima pia.

"Ngojeni," Burale alisema. Hakuutoa mkono wake. Alikuwa ameona jasho kwenye paji la uso wa Gachoki. "Ngojeni kwanza. Mwacheni apumue. Dada yangu Hamda hufanya hivi. Alianza baada ya kujifungua mtoto wa tatu. Anagusa vitu, anahesabu. Ukimkatiza anaanza upya, na wewe ndiye utakayekosa chakula." Akamgeukia Gachoki. "Umefika wapi, ndugu?"

"Viwili vya kunusa," Gachoki alisema kwa shida.

"Nusa. Hakuna anayekufukuza."

Wakamngoja. Lilikuwa jambo la ajabu, watu saba wazima kumngoja mtu mmoja anuse. Alinusa chai na nduma zilizochemshwa. Kisha akatafuta cha kuonja, na Wamuyu, ambaye alikuwa amenyanyuka bila mtu kumwona, akamtilia kipande cha nduma mkononi. Gachoki alitafuna. Moyo ulianza kurudi nyumbani hatua kwa hatua, na pamoja nao ikarudi aibu.

Sasa hakukuwa na pa kujificha. Aliwaeleza yote: meza ya majani, hospitali, msichana mwenye koti jeupe, hatua nne na hatua sita, chumvi. Alieleza kwa utaratibu, jambo moja baada ya jingine, kama anavyosoma ripoti ya kituo. Hakumtazama Kithaka.

"Kwa nini hukuniambia?" Wamuyu aliuliza.

"Ungeogopa."

"Nimeogopa wiki tatu, na hukuwa umeniambia kitu."

Mzee Mutegi alivua miwani akaifuta. "Sasa hii wazimu," alisema kwa huruma, "ni ya kiasi gani?"

"Si wazimu, mzee. Ni hofu. Inakuja, unapumua, inaenda."

"Na pera?"

"Karatasi inasema kitu kimoja cha kuonja. Pera ndilo lililokuwa karibu."

Igoki alilifikiria hilo, na usoni mwake ilionekana kwamba kati ya mashtaka yake yote, hili la pera ndilo lililomwuma kuliacha. Kisha sura ikambadilika. Akamgeukia mumewe.

"Baba Mutugi. Wewe siku hizi unalala."

"Mama Mutugi, hiyo si ajenda."

"Unalala mpaka asubuhi. Zamani ulikuwa unaamka kuhesabu ng'ombe, na tuko na mbili. Tangu uanze kulinda mpaka unakoroma kama posho-mili ikisaga mahindi. Na juzi kwa zahanati, si daktari aliuliza umefanya nini na presha? Ukasema ni maombi."

"Ni maombi," alisema Muriuki.

"Siku kumi," Tabby alisema taratibu, akitazama daftari lake. "Baba Mkubwa, uko kwa programu na hujui. Hiyo ni dozi yote, na hata consultation ya daktari hujalipa."

Muriuki alikaa chini. Koti la mazishi lilimpanda mabegani. Alionekana kama mtu aliyeambiwa kuwa kwa siku kumi amekuwa akila chakula cha jirani kwa kudhani anakilinda. "Lakini mimi sikuwa napumua," alijitetea. "Nilikuwa nahesabu tu."

"Huwezi kuhesabu hadi mia mbili bila kupumua," alisema Burale.

Mzee Mutegi aliamua kwamba jambo lisiloeleweka kwa maneno lithibitishwe kwa vitendo. Aliamuru Gachoki aendeshe zoezi, wote wakiwa wamekaa, ili kikao kijue ni kitu gani hasa kilichokuwa kikipelekwa kwa saveya. Gachoki alisita, kisha akaanza kuhesabu. Vuteni, moja hadi nne. Toeni, moja hadi sita. Mwanzoni Igoki alitoa hewa kabla ya wakati, na Muriuki akamrekebisha kwa ukali wa mzoefu. Mara ya tano chumba kizima kilikuwa kikipanda na kushuka pamoja. Mara ya kumi na mbili walisikia mlio wa tofauti, wakafumbua macho. Mwenyekiti alikuwa amelala, kidevu kifuani, miwani mkononi.

Hakuna aliyethubutu kumwamsha. Igoki alimimina chai kwa mkono mwepesi. Aliichukua kofia ya Kithaka kutoka katikati ya kochi, akaiweka mezani, na akamwashiria Gachoki mahali palipobaki wazi.

*

Walikuwa kwenye kikombe cha pili wakati Kithaka aliposogea karibu. Sasa alizungumza kwa sauti ile ya kuwajulia hali wagonjwa.

"Pole sana, mwenyekiti. Pole kabisa. Kumbe umekuwa ukiumia peke yako."

"Asante."

"Hii kazi ya kituo ni nzito. Kelele za wakulima, karani, lori la majani kuchelewa. Mtu wa afya kama yako anahitaji kupumzika." Akashika fimbo yake kwa mikono miwili. "Usijisumbue Jumanne kuja. Mimi nitawaeleza wakulima. Nitawaambia kwa upole tu, kwamba mwenyekiti wetu, kichwa kimechoka kidogo, tumwombee. Watu wataelewa."

Muriuki aliweka kikombe chini. "Kithaka, wewe si ulikuja kama shahidi?"

"Ndiyo. Nimeshuhudia."

Wamuyu alimtazama mumewe. Tabby naye alimtazama. Gachoki alijua kile ambacho kingetokea, alikiona waziwazi kama anavyoona jani bovu katikati ya majani mazuri: Kithaka akisimama Jumanne mbele ya mizani, mkono kifuani, akilisema jambo hilo kwa upole, akina mama wakitikisa vichwa, na kuanzia siku hiyo, kila atakapokataa mfuko wa mtu kwa sababu majani yamekomaa mno, mwenye mfuko atasema ni kile kichwa chake. Hiki ndicho alichokimbia kwa kununua chumvi, kwa kujificha chini ya mikima, kwa kusingizia fuko. Kilikuwa kimemfikia hata hivyo, kikiwa kimeshika kikombe cha chai.

Alingoja moyo ukimbie. Ulibisha mara moja, ukatulia. Labda ulikuwa umechoka kwa siku hiyo.

Mzee Mutegi aliamka, akajifuta kinywa, akauliza kana kwamba hakuwa amekwenda popote: "Kwa hivyo tumekubaliana namna gani?"

"Mzee, sijaandika maazimio," Tabby alisema. "Kuna ajenda lakini hakuna maazimio. Saveya anakuja ama haji?"

"Haji," alisema Muriuki, akiangalia ndani ya kikombe. "Na mfereji uachwe vile ulivyo."

"Hiyo ni ya kwanza," alisema Tabby, akaandika. "Ya pili?"

Gachoki alisimama. Alikuwa mwenyekiti wa kamati kwa miaka sita, na alijua kuwa jambo likishatangazwa na mwenyewe mbele ya watu, halina tena utamu wa kunong'onwa. Alifunga kifungo cha koti.

"Ya pili ni yangu," alisema. "Tabby, andika kama nitakavyosema, na Mzee Kithaka asikie vizuri asije akasumbuka kunielezea. Jumanne nitakuja kituoni. Kabla ya kura, nitasimama mbele ya wakulima niwaambie kwa kinywa changu kwamba Februari nilishikwa na hofu pale kwenye meza, nikapelekwa Embu, na nikafundishwa kujitibu. Nitawaonyesha na kupumua, anayetaka afuate. Atakayeona mtu wa namna hiyo hafai kukagua majani yake, ampigie kura Kithaka, mtu mzima, hajawahi kuogopa kitu. Sitamchukia. Lakini kura zihesabiwe mapema. Ikifika saa kumi na nusu, niwe nimeshinda au nimeshindwa, mimi nitakuwa nimeondoka kwenda kutembea, na mkutano usiningoje."